Mama Anamtazama Nani?

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Geuka Kidogo. Ndiyo maneno yake hayo: geuka kidogo, kidevu chini, usipumue. Amepiga picha za vitambulisho, za mahafali, za wachumba walioachana kabla picha hazijakauka, zote kwenye chumba chetu cha mbele, kwa taa moja iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Ukiucheka ule mpini ananuna mpaka jioni.

Tangu mama aanze kusahau, kaka ndiye aliyeumia zaidi, maana mimi bado ananitambua siku akiamka vizuri. Lakini kaka, mama anamwita fundi, kama mpiga picha yeyote. Kaka akiingia tu, hata kama amemletea chakula, mama anavuta mtandio, ananyoosha mgongo na kutoa lile tabasamu la wateja.

"Fundi, nikae wapi?"

"Hapo hapo mama, panatosha," kaka anamjibu, kisha anatoka na kusimama uani peke yake.

Basi akaja na wazo lake. Alitaka picha moja tu ya mama akimtazama kama mwanawe, kabla mtazamo ule haujapotea kabisa. Na alikwisha kujiaminisha kwamba shida ni taa. "Taa yangu kali, inamshtua," aliniambia. "Nikijua kulainisha mwanga atatulia. Akitulia atanijua." Nilitaka kumwambia aache kujidanganya. Nilipomwona usoni nikayameza maneno yangu.

Akajiandikisha kwenye warsha ya wapiga picha, ya kujifunza mwanga. Ilikuwa kwenye ukumbi juu ya duka la vioo, na kila mpiga picha alitakiwa aje na mtu wake wa kupigwa. Wenzetu walileta wasichana waliojipodoa wakapodoka. Sisi tulipanda ngazi na mama, tukipumzika kila kona. Mkufunzi, bwana wa maneno mengi aliyevaa kizibao chenye mifuko isiyo na kitu ndani, akawapanga wawili wawili: mmoja apige, mwenzake ashike ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni. Kaka alipangiwa mpiga picha wa harusi, jibaba la miraba minne, kipara kinang'aa kuliko taa zenyewe.

Kaka alifanya yote aliyofundishwa. Aliifunika taa kwa mwavuli mweupe, akaisogeza pembeni, akaipandisha mpaka kivuli cha pua kikawa kidogo. Na mwanga ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Mikunjo ya mama ilionekana yote na hakuna hata mmoja uliomzeesha. Kaka akainama nyuma ya kamera.

"Mama, nitazame."

Mama akamtazama. Tabasamu la wateja. "Hivi, fundi?"

Akapiga. Akasogeza taa, akapiga tena. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni.

"Mama, ni mimi."

"Ndiyo, fundi."

Niligeukia ukutani, kisha nikawatazama tena. Ndipo yule jibaba akainama kusogeza ubao karibu na magoti ya mama, na mama akamwona. Uso wake wote ukafunguka.

"Mwanangu," akasema. "Mbona umechelewa? Na umekonda hivi, huli?"

Jibaba akaduwaa, ubao mkononi. Wawili watatu wakacheka. Niliwakata jicho wakanyamaza. Kaka hakuinua kichwa. Mimi niliyemjua tangu utoto nilijua analia.

"Ndugu yangu," akamwambia yule mwenzake, sauti imemkauka. "Nakuomba uje usimame hapa, karibu na bega langu. Umjibu."

"Nimjibu nini?"

"Mwambie umefika."

Yule bwana akauweka ubao chini, akaja akasimama alipoambiwa. "Nimefika, mama," akasema, taratibu kabisa.

Mama akamtazama. Ni ule mtazamo tuliokuwa tukiupata tukirudi shule tumelowa mvua, wa kugombeza na kupenda kwa wakati mmoja. Kaka akabonyeza. Mara moja tu. Hakusema geuka kidogo.

Mwisho wa siku picha zilioneshwa ukutani, na mkufunzi akazipitia moja moja na kijiti chake. Kwa mama alisimama muda mrefu.

"Mwanga safi. Kivuli safi. Macho yanaongea," akasema. "Kosa moja tu, angalieni hapa. Macho yamepita pembeni ya kamera. Sijui mama huyu anamtazama nani. Siku nyingine, bwana, hakikisha anakutazama wewe."

Nilikuwa nimeshainuka kumpa la kumpa. Kaka akanishika mkono, akanikalisha.

"Nimesikia, mwalimu," akasema. "Nilijaribu sana."