Nimempotosha mwenzangu kwenye karata za wanyonya damu

Leo nimeshinda, na nimerudi nyumbani kichwa chini.

Tunacheza wanne hapa Kibiti, mchezo ambao wachezaji huwa wanyonya damu wa hadithini na kutoana mmoja mmoja, kila mtu na fungu la karata alilolipanga mwenyewe. Mwana, mwalimu mgeni kutoka Mahege, akanipa lake nilikague.

"Dada, hili litafaa?"

Nikalipitia. Karata za kinga tupu! Nikaona kabisa mashambulizi yangu hayatampata, na mwishoni huyu atanimaliza.

Nikamwambia, "Punguza kinga, jaza za kushambulia."

Akazitoa zote, jamani. Hakuuliza hata kwa nini.

Akawa wa kwanza kutolewa, na mimi ndiye niliyemtoa. Akacheka, akanishika mkono: "Asante dada, kumbe bado sijaujua mchezo."

Wenzangu wakanipigia makofi.

Mwana, unaujua. Nilikudanganya makusudi. Nisamehe.

Haya, nisemeni.