Nilikataa nusu ndiva ya maji nikiamini "heads" lazima itoke

Hapana mkuu, app haikuwa na wizi.

Naanza na wewe uliyenijibu kwenye ule uzi wa mikeka ya kubeti kwamba hizi app za kurusha sarafu zimechezewa, ndiyo maana nikapoteza. Nilitamani iwe hivyo. Ningeilaumu app nikalala zangu.

Salamu kwenu wakuu wote. Sina cha kuongeza chumvi hapa, mambo yenyewe ni ya mwezi huu na mama yangu bado kanuna.

Mimi nilikuwa Same mjini, duka la vifaa vya simu. Mama akaumia mguu, nikapanda kijijini kwetu Vudee kumsaidia shamba.

Kwa wasioijua Upareni: huku tuna ndiva, bwawa la kienyeji. Linajaa usiku, asubuhi mnalifungulia, maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani. Kila siku ina wenyewe. Jumanne ni yetu na jirani yetu, Mama Nakunda. Kiangazi hiki ndiva ikijaa inatosha shamba moja tu kwa uhakika.

Anayeamua nani atangulie ni mzee wa maji, ila yuko Moshi kwa mwanae anatibiwa macho. Kwa hiyo tumeachiwa wenyewe.

Na utaratibu wetu ni huu. Hamfungui maji kabla hamjapita mashamba yote mawili, mnashika majani, mnachimba udongo kwa kidole, mnaangalia nani kazidiwa. Halafu ndiyo mnaongea.

Wakuu, huko kupita! Mnasalimiana, mnaulizana habari za ng'ombe, za Nakunda aliyeolewa Kileo, mnasimama kila tuta. Jua limeshapanda bado mko kwenye maharage ya mtu.

Mimi sina huo moyo.

Nikawaambia, jamani, simu ipo, ina app ya kurusha sarafu. Heads tunamwagilia sisi, tails anamwagilia Mama Nakunda. Hakuna kubishana, hakuna upendeleo. Mama akasema sawa, mguu wenyewe ulikuwa unamuuma. Mama Nakunda akacheka, akasema "haya, tuamuliwe na simu."

Jumanne ya kwanza, tails. Ya pili, tails. Ya tatu, tails tena.

Huku maharage yetu yameanza maua. Wanaolima mnajua, maharage yakikosa maji kwenye maua, yanadondosha. Na hayo ndiyo chakula chetu na mbegu ya msimu ujao, hatuna mengine.

Jumanne iliyopita nikamkuta Mama Nakunda ameshafika kwenye ndiva.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikia, leo hiyo simu ipumzishe. Tugawane. Nusu nyie, nusu mimi."

Mtu mwenye akili angesema asante.

Mimi nikapiga hesabu kichwani. Tails tatu mfululizo! Heads imekaa sana, leo lazima itoke. Nikichukua nusu, si nitakuwa nimejipunja siku ambayo yote ni yangu?

"Hapana mama, turushe tu. Leo ni zamu yetu, hata hesabu inakubali."

"Hesabu ipi hiyo?"

"Probability, mama. Tulisoma form four."

"Ehe! Basi mwalimu, rusha."

Nikagusa kioo. Kale kasarafu kakazunguka, kakazunguka, kakalala.

Tails.

Mama Nakunda aliniangalia kidogo. Nadhani alikuwa anasubiri niombe ile nusu. Sikuomba, aibu ilinibana. Nikageuka, nikapandisha nyumbani bila hata kuaga.

Mama nikamwambia tumekosa tena, basi. Habari ya nusu nikaimeza.

Jana kanisani mama na Mama Nakunda wakakaa benchi moja. Mnaelewa kilichofuata.

Mama alirudi akakaa jikoni na nguo zake za ibada.

"Ulipewa nusu?"

"Ndiyo mama."

"Ukakataa?"

"Niliona safari hii ni yetu..."

"Nani alikuambia ni yetu? Maji, umeyachezea kamari? Wewe Mpare gani?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mchana nikashuka shambani peke yangu. Matuta ya juu maua yamelala chini, yamekauka kama karatasi. Ya chini, penye kivuli cha migomba, bado yapo yapo.

Nikakaa hapohapo nikafungua app, nikaanza kurusha. Si kwa maji, kutaka kujua tu. Nikarusha mpaka kidole kikachoka. Tails tatu zikifuatana, inayofuata mara heads, mara tails, haina mpango wowote. Kuna mahali zilifuatana nyingi hadi nikaogopa.

Na hii niliisoma darasani jamani! Nusu kwa nusu kila unaporusha. Niliikremu, nikaijibu kwenye mtihani, nikaiacha kwenye chumba cha mtihani. Sarafu haijui jana ilitoa nini. Huidai chochote, wala haikuonei huruma.

Ila kinachoniuma zaidi si hicho. Sarafu haijawahi kushika jani. Tungepita mashamba kama kawaida, hata Jumanne moja tu, Mama Nakunda angeona maua yetu. Nadhani aliyaona kwa mbali, ndiyo maana akatoa ile nusu. Sisi ndio hatukuangalia shamba lake wala letu, tuliangalia kioo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mikeka, mkisema "timu imefungwa sana, sasa lazima ishinde", mniambie hiyo lazima mmeitoa wapi. Nipingeni, nichekeni, nasoma zote. Na mwenye kujua kama maharage yaliyodondosha maua yanaweza kutoa mengine yakipata maji, naomba aniambie leo, msininyamazie.

Kesho ni Jumanne. Asubuhi na mapema nitapita kwa Mama Nakunda kabla hajatoka, nitamwamkia, nitamwomba radhi kwa kuondoka vile. Halafu nitamwomba tupite mashamba yote mawili, tuta kwa tuta, hata jua litukute huko. Tukikuta la kwake ndilo limezidiwa, nitashika jembe nimfungulie maji yeye.