Mbuzi Mweupe wa Shangazi

"Hutafika Ijumaa," mwenye duka la chai aliniambia mbele ya wateja wake, niliposema nimeacha pombe. "Wewe na bombe ni kama ngamia na chumvi. Mtatafutana tu."

Walicheka. Mmoja akasema diploma yangu ingefaa kufungia sukari. Niliwaacha. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kwenda ng'ambo na kurudi na diploma ya afya ya mifugo, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Mtu wa namna hiyo hashindwi na chupa.

Ila mwili ulikuwa umeshashindwa. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia. Macho yalikuwa ya manjano. Asubuhi mikono ilitetemeka hata sikuweza kumchoma mbuzi sindano, na hiyo ndiyo kazi niliyoisomea.

Sababu ya kuacha sikumwambia mtu. Ilikuwa miaka ya vita, na sisi wa kando ya Garissa tulikuwa tumekusanywa katika kijiji kimoja chini ya ulinzi wa askari. Mifugo iliyokutwa nje ya mpaka bila kibali ilipigwa risasi. Dada ya baba yangu, niliyemwita Edo kama tunavyowaita shangazi zetu, alikuwa na ngamia kumi na mmoja malishoni. Alinituma kwa ofisa nikamwombee kibali, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua maneno ya ofisini. Nilipitia kwanza kwenye baa ya watumishi wa serikali. Nilipoamka, jua lilikuwa utosini. Ngamia walikuwa wameuawa asubuhi ile.

Edo hakunitukana. Ingekuwa nafuu.

Kwetu, mtu akipungukiwa hukopeshwa mnyama wa maziwa. Hukamua mpaka maziwa yakauke, kisha humrudisha pamoja na mtoto wake. Siku ya nne tangu niache pombe, nikiwa bado natapika na kutokwa na jasho la baridi, Edo alikuja akivuta mbuzi mweupe, mmoja wa wale wachache waliombakia.

"Mkamue mwenyewe," alisema. "Mbuzi haulizi umesoma wapi."

Nilichuchumaa, nikasema bismillahi. Mbuzi aliusikia ule mtetemo kwenye chuchu, akazuia maziwa, akanipiga teke la goti. Edo aliokota chombo changu, akapangusa vumbi.

"Basi kesho, edo," alisema, maana kwetu shangazi humwita mpwa kwa neno lile lile analoitwa yeye.

Nilipigwa mateke siku tisa. Siku ya kumi maziwa yalishuka, membamba, yakilia chomboni. Nilikunywa yakiwa bado ya moto na hayakurudi juu. Kabla mwezi haujaisha viatu viliingia. Macho yakawa meupe. Nilikula mikate miwili ya anjera nikaomba wa tatu. Hata mwenye duka la chai alikuja na mbuzi wake.

"Mtu wa maziwa asinywe ya nyumba moja," alisema. "Huyu wangu ni mkali. Akikufumilia, nitakuamini."

Alinivumilia. Nilichanja mbuzi wa kijiji kizima kwa siku mbili, na mkono haukutikisika hata mara moja. Kati yetu hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi ile; nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Lakini pombe ilikuwa imeziba mambo mengi, na afya iliporudi ilizibua yote. Pua yangu ikaanza kunusa tena, na upepo ulipotoka upande wa malisho ulileta harufu ambayo wenzangu walishaizoea. Kisha masikio. Alfajiri, nikiwa nimechuchumaa kukamua, nilisikia kengele za mti, zile zinazofungwa shingoni mwa ngamia, zikigongana taratibu kama kundi linarudi. Nilisimama kila mara. Palikuwa na vichaka, na askari akipiga mswaki. Nilimuuliza Edo kama naye anasikia.

"Kamua," alisema.

Mvua zilipokwisha, mbuzi wote wawili walikauka, nikawarudisha siku moja. Mwenye duka la chai alimkagua wake, akamkagua na mtoto wake.

"Wallahi nilikosea," alisema. "Lakini chai utalipa."

Kwa Edo nilifika alasiri. Nilimfunga mbuzi mweupe mlangoni, mtoto wake kando, nikasimama wima kama mtu aliyemaliza deni. Viatu vilikuwa miguuni. Mikono ilikuwa imetulia kama mawe.

"Mbuzi wangu amerudi," alisema. "Mwenyezi Mungu akuongezee."

"Na ngamia, Edo?"

Alikuwa anamkuna mbuzi shingoni, na hakuacha.

"Ngamia sikukukopesha."

Akaingia ndani kutafuta kamba. Nilibaki pale nje, mzima wa afya, nikizisikiliza kengele zikija.