Siku Colman Varley alipokaa kiti cha wageni

Saa mbili asubuhi, Colman Varley anachota maji ya mvua kutoka kwenye mashua yake na kuyamwaga ziwani. Anatumia dumu la maziwa lililokatwa nusu. Amepiga goti moja ukingoni mwa gati. Mguu wa kushoto ameunyoosha kando, kama kitu alichoazima kwa mtu.

Leo ni tarehe thelathini Septemba. Giza likiingia, uvuvi wa samaki aina ya trauti katika Ziwa Mask utafungwa hadi katikati ya Februari. Kwa Colman, mwenye umri wa miaka 67, huenda ukafungwa moja kwa moja.

"Nimeshamwambia kila mtu," anasema bila kuinua kichwa. "Leo ndiyo mwisho. Mwendesha mashua asiyeweza kupiga makasia ni mzigo ndani ya mashua."

Kwa misimu thelathini na mmoja amekuwa akiwapeleka wavuvi ziwani. Injini ndogo huwafikisha wanapotaka kuvua, kisha huzimwa. Kuanzia hapo ni makasia tu, kutwa nzima, kuizuia mashua isikimbizwe na upepo na isigonge miamba iliyojificha shubiri moja chini ya maji. Kila mvuto huanzia kiunoni.

Nyonga ilianza kumsumbua miaka miwili iliyopita. Zamani alitoka siku sabini kwa msimu. Mwaka huu ametoka siku kumi na tisa, kwa euro 130 kila siku, na baada ya kila siku ya kazi alilala siku nzima. Tarehe tisa Oktoba atabadilishiwa nyonga mjini Galway. Daktari hakumwahidi makasia.

Kwa hiyo wiki tatu zilizopita alichukua karatasi, akaandika tangazo la kuuza mashua, akampa Dympna Heneghan alibandike kwenye dirisha la bucha yake mjini Ballinrobe.

Dympna ndiye anayekuja sasa, akishuka gatini na viatu vya mpira hadi magotini. Ana miaka 58. Nyuma yake anafuata Fonsie Kilbane, dereva wa basi aliyestaafu, amebeba kapu la chakula kifuani kama mtoto mchanga. Wawili hawa wamevua na Colman kila siku ya mwisho ya msimu kwa miaka ishirini na miwili. Mwanzoni walikuwa wateja. Hakuna anayekumbuka ni mwaka gani hali hiyo ilikoma.

"Umelibandika lile tangazo?" Colman anauliza.

"Dirisha limejaa," Dympna anajibu.

"Limejaa nini?"

"Soseji."

"Wiki tatu?"

"Soseji hazina haraka, Colman."

Wakati wanajibizana, Fonsie ameshaingia kwenye mashua. Amekaa katikati, na mikono yake imeshika makasia.

"Toka hapo," Colman anamwambia.

"Sitoki."

"Fonsie, hicho ni kiti changu."

"Nimeendesha basi miaka thelathini na minne, sijawahi kumpoteza abiria."

"Basi halina makasia."

"Na ziwa halina polisi wa barabarani. Kaa nyuma, nahodha. Leo wewe ndiye mgeni."

Dympna anamnyooshea fimbo ya kuvulia, imeshafungwa mshipi na kila kitu. Colman haipokei mara moja. Katika ziwa hili, mwendesha mashua havui mbele ya wageni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini Colman hajaivunja hata siku moja. Wageni wamekuja kuwatafuta samaki, husema, hawakuja kushindana na mtu anayejua samaki wanakolala.

Anayatazama maji kwa muda mrefu. Kisha anashuka taratibu, kinyumenyume, na kukaa kwenye ubao wa nyuma. Si rahisi kujua kama amekubali au nyonga imekataa kusimama zaidi.

Saa ya kwanza ni ya kelele. Mpiga makasia hukaa akitazama alikotoka, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa Colman. Wote wawili wanalijua hilo, na bado haliwasaidii.

"Kulia!" Colman anasema.

"Kwangu au kwako?"

"Kulia, mwamba huo!"

"Kulia kwa nani, mtu wa Mungu?"

Mwamba unajibu kabla ya Colman. Mashua inakwaruza, inayumba, inatulia. Dympna, aliyekaa mbele, anamsifu Fonsie kwa kufika kituoni kwa wakati.

Colman hajawahi kumwelekeza mtu humu ndani. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikijua, nayo haikuhitaji maneno. Anatazama pwani ya upande mmoja, halafu ya pili.

"Sikiliza," anasema. "Kule kuna kanisa. Huku kuna ng'ombe wa mkulima Costello. Nikisema kanisa, vutia kanisani. Nikisema ng'ombe, vutia kwa ng'ombe."

Hadi saa sita mchana hawajagonga kitu kingine. Sauti ya Colman inapita juu ya maji, ya chini, isiyo na haraka: "Ng'ombe… ng'ombe kidogo… basi. Kanisa." Fonsie anatii, shati limemganda mgongoni.

Septemba, upepo huwapeperusha wadudu wa miguu mirefu kutoka malishoni hadi ziwani, na trauti huja juu kuwala. Wavuvi hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana hadi ifanane na mdudu huyo, kisha huiacha ielee. Ugumu hauko katika kumfanya samaki aje. Uko katika kutofanya lolote akishakuja.

Trauti mkubwa hana pupa. Hupanda, hufunga mdomo juu ya mdudu, hugeuka kurudi chini. Ukiinua fimbo kabla hajageuka, unamnyang'anya chakula mdomoni, na ndoana inarudi tupu.

Msimu wake wa kwanza, Colman aliwaambia wageni wahesabu hadi tatu. Haikufaa. "Mtu akishtuka huhesabu mbio," anaeleza. "Moja-mbili-tatu yote inatoka kama chafya. Lakini hakuna binadamu anayeweza kulitamka jina la mke wangu mbio."

Mke wake anaitwa Attracta Bernadette. Tangu hapo, kila anayevua kwenye mashua hii hulitamka jina hilo lote kabla ya kuinua fimbo. Wamelitamka mahakimu, wamelitamka mapadri. Daktari mmoja wa meno kutoka Ujerumani aliinua mapema mara nne kwa siku moja, na Colman alimkemea hadi akaomba arudishwe gatini.

Mnamo saa saba, maji yanapasuka mbele ya mashua. Dympna hatikisiki.

"Attracta Bernadette," anasema, kwa utulivu wa mtu anayeita mteja anayefuata, kisha anainua fimbo. Fimbo inapinda. Baada ya dakika chache trauti wa rangi ya siagi yuko kwenye wavu, madoadoa meusi ubavuni, uzito kama kilo moja. Dympna anamshikilia majini hadi apate nguvu, anamwachia.

"Umemkosesha mtu chakula cha jioni," Fonsie analalamika.

"Mimi ni mchinjaji, Fonsie. Leo niko likizo."

Wanateremka kwenye kisiwa kidogo, wanachemsha chai, wanakula mikate ya nyama iliyotoka kwenye kapu. Colman anauliza kama mikono ya Fonsie imetoka malengelenge. Imetoka. Anampa glavu zake.

Saa tisa na nusu upepo unaongezeka, mawimbi mafupi, mwanga wa kijivu. Colman anaijua hali hii. Anamwelekeza Fonsie hadi kwenye ukingo ambapo maji ya kina yanakutana na maji ya miamba, kisha anarusha mshipi wake. Mdudu wa manyoya anatua hatua kumi na tano kutoka mashuani, anapanda wimbi, anashuka.

Kichwa kinatokea. Si kwa kishindo. Kinatoka tu, kipana, na mdomo mweupe ndani, kikimjia yule mdudu bila haraka yoyote duniani.

Colman anavuta.

Mshipi unaruka hewani na kumwangukia mabegani. Mdudu wa manyoya amenasa kwenye kofia yake. Majini kunabaki duara linalotanuka, halafu hata duara halipo.

Wote watatu wamemwona samaki yule. Ni Fonsie anayeshindwa kuvumilia.

"Colman Varley," anasema polepole. "Umesahau jina la mkeo."

"Sijasahau."

"Basi lilikuwa wapi?"

"Halikuwa na nafasi ya kupita."

Dympna anafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Fonsie ameachia makasia na kulala chali kwenye mbao, akilia kwa kicheko. Mashua inajipeleka inakotaka. Na Colman, ambaye mwezi mzima hakuna aliyemwona akicheka, anaanza kucheka naye, mkono mmoja ukishikilia nyonga kwa maumivu.

Baadaye, akijaribu kuinasua ndoana kwenye kofia, anaeleza. Miaka yote amewaona samaki hao kutoka kiti cha katikati, kwa ubavu, wakiwaendea watu wengine.

"Sikujua wanaonekana wakubwa hivyo wakikujia wewe," anasema. "Yule Mjerumani maskini. Nilimtukana bure."

Kisha anageuza shingo. "Fonsie! Ng'ombe, ng'ombe, unatupeleka wapi?"

Wanavua hadi saa kumi na moja na nusu. Fonsie, akiwa amemwachia Dympna makasia, anapata trauti mmoja mdogo na kumwita mfalme. Colman hapati kitu. Mara mbili Dympna anamwuliza kama arudi gatini, na mara mbili Colman anaelekeza kidole kwenye ghuba nyingine.

Gatini, Attracta anawasubiri na mkate wa zabibu uliofungwa kwenye kitambaa. Ana nywele nyeupe fupi na macho yasiyokosa kitu. Fonsie anaanza kusimulia kabla mashua haijafungwa.

"Samaki wa mara moja maishani, Attracta! Na mume wako hakulitaja jina lako."

"Hakusema chochote?"

"Hata neno. Alivuta tu."

Attracta anamtazama mumewe kuanzia kofia hadi viatu.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyonioa," anasema, na kuanza kukata mkate.

Kazi ya mwisho ya msimu ni kuitoa mashua majini. Dympna na Fonsie wanaivuta juu ya magogo, Attracta akisukuma nyuma. Colman amekaa kwenye ukuta wa mawe, kwa amri ya wote watatu. Wanaifikisha penye njia panda: kulia ni barabarani, mahali ambapo mtu huiweka mashua anayotaka ionwe na wanunuzi. Kushoto ni banda.

Wanasimama, wakimsubiri.

"Dympna," Colman anaita. "Bucha unaifunga siku gani?"

"Jumatatu. Na Jumatano mchana."

"Una mabega mazuri kuliko Fonsie."

"Nimebeba nusu ng'ombe tangu nina miaka kumi na saba."

Colman anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayejumlisha. Msimu unafunguliwa tarehe kumi na tano Februari. Hajui kama atapiga makasia tena, anasema, na hataki kujidanganya. Ila miamba yote iko kichwani mwake, na mtu anaweza kuitaja mmoja mmoja akiwa ameketi nyuma. Jumatatu zinatosha kuanzia.

"Iingizeni bandani," anasema. "Muigeuze chini juu, msiiburute. Januari itahitaji rangi, na kupaka rangi ni kazi ya kukaa."