Divai ya Dobi na Madoa ya Jumatatu

Dobi hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya nyumba nzima alikuwa ameyachukua dada yake mkubwa, ambaye alihamia kwake nyuma ya duka baada ya dobi kufiwa na mke. Dada alisema kwa niaba ya wawili na kugombana kwa niaba ya mtaa mzima, na dobi akabaki na pasi yake, akinyoosha kola za watu taratibu. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa dobi ulikuwa divai ya matunda.

Duka lile lilikuwa na ua kwa nyuma, na uani kamba za kuanikia nguo. Joto lilipopamba moto na vyumba vya watu kugeuka tanuri, mahali pekee penye kaubaridi palikuwa hapo, katikati ya mashuka mabichi yanayochuruzika maji. Ndiyo maana kila Jumapili alasiri majirani walimiminika uani kwa dobi, kila mtu na kiti chake, wakaketi kwa raha zao kati ya mashuka ya watu wasiowajua. Mwanzoni walikunywa maji. Dobi akaona aibu kukaribisha watu kwa maji ya bomba, akaanza kuchanganya.

Alichanganya kama alivyofua, bila papara. Jumamosi jioni aliosha machungwa akayakata visahani pamoja na maganda yake, akakata matofaa na nanasi, akavitia vyote kwenye beseni kubwa la enameli. Beseni lilikuwa jipya, halijawahi kuona soksi, na bado kila Jumapili hakukosa mtu wa kuuliza. Akanyunyiza sukari kidogo, akatumbukiza kijiti cha mdalasini, akamimina divai nyekundu mpaka matunda yakazama, akafunika kwa kitambaa safi, kitu ambacho nyumba ile haikuwahi kukikosa. Ilikuwa marufuku kufunua mpaka kesho yake.

"Matunda yanakunywa kwanza," alimwambia dada yake aliyekuwa akizungukazunguka na kijiko. "Sisi baadaye."

Jumapili aliongeza barafu na maji ya gesi, watu wakanywa. Sasa, kunywa divai yenye vipande vya nanasi ukubwa wa kiberiti si kazi ndogo. Unainua glasi, kipande kinakwama. Unainua zaidi, kipande kinakwamuka ghafla, na divai yote inakuja nacho mpaka kifuani. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi palikuwa na foleni mlangoni kwa dobi, na kila aliyepanga foleni alikuwa na doa.

Katika foleni ile alikuwemo fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke wa makamo asiye na mume, aliyejishonea magauni meupe na kuyavaa kana kwamba vumbi halijaumbwa. Tusifichane: dobi alimpenda. Alimpenda hata chakula kikawa hakishuki. Siku ya kwanza Fundi alipoleta gauni lenye doa, mazungumzo yao yalikuwa haya:

"Doa la jana?"

"La jana."

"Umelitia chumvi?"

"Nimelitia."

"Njoo Alhamisi."

Kwa dobi hiyo ilikuwa hotuba. Aliirudia kichwani wiki nzima, akajilaumu kwa kusahau kusema karibu. Doa lile la kwanza lilikuwa bahati mbaya, naweza kumwapia. Lakini Jumamosi iliyofuata kisu chake kilikata nanasi likawa kubwa kidogo zaidi, na iliyofuata likawa kubwa zaidi ya hapo. Kwa ajili ya gauni moja, mtu mpole yule akauchafua mtaa mzima.

Za mwizi ni arobaini. Arobaini ya dobi ilikuja kwa mkono wa muuza dawa, bwana mmoja aliyependa nyeupe kuliko hata Fundi. Jumapili hiyo alisimama katikati ya ua, kifuani ana doa pana kama kiganja.

"Jamani," alisema, "hivi hakuna aliyewahi kujiuliza? Anayetunywesha ni dobi. Anayetufulia ni dobi. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mwoka mikate akaitazama suruali yake kama anaiona leo.

"Kweli, bwana," alisema. "Na mananasi yenyewe! Juzi nimemeza kipande nikadhani nimemeza sabuni ya mche."

"Mwenyewe anasemaje?" muuza dawa akauliza.

Dobi alifungua kinywa. Angeweza kuapa kwamba hakufanya kwa ajili ya biashara, lakini wangemuuliza basi kwa ajili ya nini, na Fundi alikuwa ameketi pale pale, na doa jipya juu ya mfuko wa gauni. Akafunga kinywa. Dada yake, ambaye hajawahi kuacha kimya kipite bure, akainuka.

"Ndugu yangu si mwizi!" alifoka. "Akikosea, ujue ni ujinga tu!"

Baada ya utetezi huo kesi haikuchukua muda. Waliamua kwamba kuanzia Jumapili ijayo divai iwe nyeupe na matunda yakatwe madogo, la sivyo kila mtu abaki kwake na joto lake. Mikono ikanyooshwa juu. Fundi peke yake hakunyoosha wake, na dobi akaamini kwamba amechukizwa hata kupiga kura hataki.

Wiki ile dobi alinyong'onyea. Bila madoa hakuna Jumatatu, na bila Jumatatu hakuwa na sababu yoyote duniani ya kuzungumza na mwanamke yule. Kuvuka barabara na kumsalimia tu? Hilo halikumjia kabisa.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia mezani, "mwambie yule mwanamke. Mficha uchi hazai."

"Nimwambie nini?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Dada, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Haya, kaa na pasi yako ikuoe."

Jumamosi alichanganya kama walivyotaka. Alitia zabibu za kijani, mapea, tikiti na majani ya nanaa, akakamua ndimu, na kila kipande akakikata kidogo kana kwamba anamkatia mtoto asiye na meno. Alitamani ichache, lakini mikono yake haikujua kuharibu kazi. Ikatoka tamu ajabu.

Jumapili watu walikunywa wakasifu. Muuza dawa alisifu zaidi ya wote, glasi baada ya glasi, mpaka akataka kuimba na mkewe akamketisha. Fundi alikuja na gauni jeupe, akanywa akiwa ameketi peke yake nyuma ya shuka moja, na jua lilipotua akaondoka msafi kama alivyokuja.

"Ahsante, Dobi," alisema mlangoni. "Leo nimepona."

Dobi akatabasamu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Jumatatu hapakuwa na foleni. Dobi alipiga pasi foronya ile ile mara tatu, akaikunja, akaikunjua, akaanza upya. Ndipo Fundi akaingia na kifurushi chini ya kwapa, akakiweka mezani.

Dobi alilitandaza gauni. Akakagua kifua, mikono, kola, kiuno. Akaligeuza ndani nje. Kwenye pindo aliona ule uzi mrefu wa bandi ambao mafundi huuchomoa kazi ikiisha. Ulikuwa bado mahali pake.

"Fundi," alisema, "hili halina doa."

"Una hakika?"

"Halijavaliwa. Hata bandi hujatoa."

"Angalia tena. Sina haraka."

Akaangalia tena. Masikio yakaanza kumwaka, na kutoka mahali asipopajua mwenyewe maneno yakatoka.

"Yale mananasi nilikuwa nayakata makubwa makusudi."

"Najua," Fundi alisema. "Na mimi kutwa natunga uzi kwenye sindano. Unadhani mkono wangu unatetemeka hivyo? Nilikuwa najimwagia. Lakini hiyo nyeupe yako, Dobi! Jana nimejimwagia glasi mbili nzima, zimekauka hata alama hakuna. Imebidi nije hivi hivi."

Dobi alilishika gauni kwa mikono miwili asijue alitie wapi.

"Basi," Fundi akasema, sasa na yeye ameanza kuona haya, "nije kulichukua lini?"

Dobi akatafuta siku ya kumpa, na siku zote saba zikamkimbia.

"Usiende," alisema.

Fundi akavuta kiti akaketi. Nyuma ya pazia dada mtu akaanza kulia kwa sauti, maana hata kulia kimya kimya hakujua.