Majibu ya Shangazi Kwenye Foleni

Kazi yangu ni kuhakikisha barua pepe hazipotei. Naifanya katika hospitali moja hapa Kitale, kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara, na watu wakiniuliza ninashinda humo nikifanya nini, nawaambia nachunga seva. Wanacheka. Acha wacheke. Maabara ikishampima mgonjwa, majibu hupitia kwangu kwenda kwenye kliniki iliyomtuma, iwe Cheptais, Webuye au Bungoma. Kliniki isipopatikana, seva haiutupi ujumbe. Inauweka kwenye foleni, inangoja, halafu inajaribu tena.

Shangazi yangu anakaa Bokoli. Nimerithi jina la baba yake, kwa hiyo ananiita baba, na akinikasirikia ananiita baba vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Alipopata uvimbe kwenye titi alikwenda kliniki moja upande wa Kibabii, wakamtoa kipande kidogo kikapelekwa kupimwa. Mimi hakuniambia. Kwetu mwanamke wa rika lake hazungumzi habari za titi lake na mtoto wa kaka yake, hata kama mtoto mwenyewe ameanza kuota mvi.

Nilijua tu binamu yangu aliponipigia simu. "Shangazi anataka watu wake wote Jumamosi. Usitume salamu, bana. Uje mwenyewe."

Tulimkuta sebuleni amevaa nguo ya kanisani. Akaanza kugawa vitu. Ng'ombe akampa huyu, cherehani akampa yule, sufuria kubwa za sherehe akasema ziende kwa binti yake wa mwisho. Alisema yote hayo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza kazi za shamba. Subira sikujaliwa, nikamkatiza mbele ya wazee.

"Shangazi, kwani unaenda wapi?"

"Baba, usinifanye mjinga. Kila nikienda kliniki naambiwa ati majibu haijafika. Narudi, haijafika. Sista ananiangalia na huruma. Si najua? Wanangoja nije na watu wangu."

Kila mtu alimwelewa. Kwetu mgonjwa haambiwi habari mbaya ana kwa ana. Wanaitwa kaka zake, wanakalishwa pembeni, wanaambiwa wao, na wao ndio wanatafuta namna ya kumfikishia. Mgonjwa anayeambiwa "ngoja kidogo" huwa ameshaambiwa. Shangazi alikuwa ameamua kutupunguzia kazi.

Nikamuuliza kile kipande kilipelekwa hospitali gani. Akataja yetu.

Jumatatu asubuhi nilifika kazini kabla ya mfagiaji. Nikaifungua foleni, na ujumbe wa kliniki ile nikaukuta umelala humo. Sikuusoma. Haukuwa wangu, ingawa Mungu anajua mikono ilivyoniwasha. Lakini mahangaiko yake yote niliyaona. Jinsi seva ilivyokuja imepangwa, ikikosa mara ya kwanza inarudi baada ya dakika chache, ikikosa tena inangoja muda mrefu zaidi, na inazidi kurefusha hadi inakuwa inabisha hodi mara chache tu kwa siku. Maabara yetu hutuma majibu alasiri, na alasiri kompyuta ya kliniki ilikuwa imezimwa. Ikifika asubuhi, kompyuta inawashwa kwa masaa machache, wakati huo seva imeshakata tamaa nusu, inangoja zamu yake ya mbali. Ikija kubisha, wameshazima tena. Ujumbe ukikaa siku kadhaa unarudishwa maabara, maabara wanautuma upya, alasiri, na mchezo unaanza mwanzo.

Nilikasirika, jamani. Nikapiga simu kliniki nikiwa nimejaa maneno.

"Sista, mnazima kompyuta mchana kwa nini? Hiyo ni ofisi ama ni duka la sukari?"

"Wewe uko Kitale," akanijibu polepole. "Hapa ngurumo ikianza tunazima stima kwenye mita. Radi ilituchomea friji ya chanjo. Kina mama wametembea na watoto mgongoni, wamefika, nawaambia warudi nyumbani. Unataka nichague barua pepe?"

Mvua ya Bungoma baada ya chakula cha mchana naijua, haina mzaha. Nikamwambia pole. Na yeye, mtu mwema, akanipa pole ya kazi.

Nikamwomba asikate simu. Kliniki ile nikaitengea utaratibu wake peke yake: seva iwe inajaribu kila baada ya dakika chache, kutwa, isirefushe muda hata ikikosa vipi, na ujumbe ukilala siku moja maabara waarifiwe, wasingoje urudi. Halafu nikaiamuru foleni ijaribu papo hapo.

"Imeingia," sista akasema. Nikamsikia akipumua huku akisoma. Sikuthubutu kuuliza. "Mlete kesho asubuhi," akasema, akakata.

Kesho yake nilimpeleka shangazi. Njia nzima niliogopa kumtazama. Sista akatukalisha, akasoma, akainua macho.

"Mama, si saratani. Ni uvimbe wa kawaida. Wewe ni mzima."

Shangazi hakumtazama sista. Alinigeukia mimi.

"Ni wewe umewaambia waseme hivyo?"

"Shangazi!"

"Si hizo mashine ndio kazi yako? Jumamosi nimegawa vitu, leo majibu imefika, na ni nzuri. Baba, wewe unanipenda. Mtu akikupenda anaweza kukudanganya."

Nikaanza kumweleza habari za foleni, seva, mvua, mita. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniangalia kwa huruma. Nilitamani kulia. Kazi ninayoijua vizuri kuliko zote ndiyo iliyokuwa inanifanya niwe mwongo mbele yake.

Sista akasimama. "Wewe, toka nje."

"Mimi?"

"Ndio, wewe. Toka, ufunge mlango."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, nikasikia kila kitu.

"Mama, mimi ni mtu wa hapa hapa," sista alikuwa anasema. "Ingekuwa mbaya, ningeita kaka zako. Huyu kijana ningebaki naye hapa ndani, na wewe ndio ningekutoa nje. Nani ametoka?"

Nikamsikia shangazi akilia, kilio cha wazi, kama mtoto, na watu waliokuwa kwenye benchi wakainamisha vichwa wakidhani ni msiba. Sikuwasahihisha. Na mimi machozi yalikuwa yananitoka.

Alipotoka alikaa kando yangu, kitambaa cha kichwa kimelegea, wala hakujali.

"Baba," akasema, "kumbe siku ile nawaaga, nilikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, shangazi."

Akaniuliza tena. Nikamjibu tena.