Injini Yenye Viharusi

Mjomba wangu alipata kiharusi mwaka ambao vitunguu swaumu vilinilipa vizuri, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Mkono wa kushoto ulimgomea. Kasia linataka mikono miwili, na mtumbwi wake ulikuwa umeanza kuzingirwa na nyasi kando ya ziwa, huko chini Hanang.

"Nikiacha ziwa nitabaki kuchunga kuku," alisema. "Nitafutie mashine, mpwa wangu."

Mimi ni mtu wa soko la Mbulu. Mtu akinitajia bei namwomba arudie, si kwamba sijasikia. Nilimpata muuzaji wa Mwanza kwa simu, nikambana mpaka akaanza kuniita ndugu, dalili kwamba faida yake imekwisha au bado ni kubwa mno. Tukapatana injini ndogo, mpya, ile ya kuchanganya oili na petroli. Ni nyepesi, mtu anainyanyua kwa mkono mmoja. Kwa mjomba hiyo ndiyo sifa pekee iliyokuwa na maana.

Nikashuka kumpelekea habari. Baada ya shikamoo alinipeleka kwenye banda la kupimia samaki, kulikobandikwa tangazo. Mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi alikuwa amerudi kutoka semina na karatasi ya Kiingereza, simu yake ikamtafsiria: "Ni marufuku kununua injini mpya yenye viharusi viwili. Zilizopo ziendelee."

"Mimi kimoja tu kimenilaza," mjomba akasema. "Hiyo imepata viwili na bado inakimbia?"

Tukaingia kikaoni, humo humo bandani. Mwenyekiti alifafanua kwamba kwa Kiingereza neno ni moja, na hapa ni mipigo ya injini, siyo ugonjwa: ya mipigo miwili ndiyo ile ya kuchanganya oili na petroli. Oili inavujia majini, samaki wanaimeza, na sisi tunameza samaki. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, na mimi hubisha hata salamu. Niliuliza tu kama ile ya jirani yetu, inayofuka kama tanuri la matofali, inaruhusiwa. Inaruhusiwa, ni ya zamani. Na mjomba akiinunua? Inaruhusiwa pia. Jirani akakohoa, akataja bei iliyoipita ile mpya ya Mwanza. Nikamwomba arudie. Akarudia, akiongeza.

Ikabaki injini ya mipigo minne: safi, ghali, na nzito kama mbuzi aliyekataa kutembea. Na injini hailazwi ufukweni, lazima ibebwe nyumbani kila jioni, la sivyo asubuhi utakuta mtumbwi peke yake.

Mjomba aliushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua watu wauone, kama anayenadi kuku.

"Mwenyekiti, kanuni yako nimeikubali," akasema. "Sasa nipe na mkono wa kubebea."

Kikao kizima kikamgeukia mwenyekiti. Akatazama tangazo lake, akatazama viatu vyake.

"Nitaibeba mimi, mzee."

Nilifungua mdomo kuuliza mpaka lini, maana mapatano yasiyo na muda si mapatano. Mjomba akanikanyaga mguu.

Tukachukua ya mipigo minne, tofauti ya bei nililipa mimi, na muuzaji wa Mwanza hakuniita ndugu tena. Sasa kila jioni mwenyekiti hupanda kutoka ziwani na injini begani, pumzi juu juu, mjomba akimfuata nyuma na mtungo wa samaki katika mkono mzima. Juzi nilikuwepo, nikawapisha njiani.

"Ukichoka tupumzike, mwenyekiti," mjomba alikuwa akimwambia. "Mimi sina haraka."